Theluji ya vuli Kibo: TMA, Windy, Mountain Forecast, au simu ya mtu aliyeshuka jana?

Mwalimu_Majengo
Wakuu, habari za jioni. Tuko kundi la walimu na ndugu wachache hapa Moshi. Tumepanga tuwe Uhuru, kileleni kwa Kibo, Kilimanjaro, tarehe 9 Desemba, siku ambayo Alexander Nyirenda alisimika bendera na mwenge kule juu mwaka 1961. Michango imekamilika, ruhusa zimeombwa, kwa hiyo tarehe inaweza kusogea siku moja tu, si zaidi. Sasa vuli imeingia kwa kishindo. Tangu wiki iliyopita mlima ukifunguka asubuhi unakuta Kibo nyeupe hadi chini ya pale tulipozoea, na wenzangu wawili wameshaanza kutafuta udhuru.

Shida yangu ni utabiri. TMA, mamlaka ya hali ya hewa, kwa mkoa wetu wanasema mvua na ngurumo katika maeneo machache. Tovuti ya Mountain Forecast inanihesabia theluji kwa sentimita. Windy nayo, ukitoka modeli ya kompyuta ya ECMWF ukaingia ya GFS, unaletewa mlima mwingine kabisa. Simu yangu yenyewe inasema nyuzi 29 na kajua kadogo. Ipi ni ya kuaminiwa kwa theluji? Na kwa hali hii bora njia ya Marangu, Rongai au Machame? Naomba michango ya wanaopanda kweli, si ya kusikia.

MgumuWaRau
Shikamoo mwalimu. Hiyo ya simu achana nayo leo leo. Inakupa joto la stendi ya Moshi, mita 800 na ushee, na wewe unakwenda 5,895.

Mimi mtandao siufuati sana. Jioni kabla ya kupanda napigia wagumu wenzangu, yaani wapagazi, waliotoka geti la Mweka mchana ule. Hao walikuwa kileleni jana yake alfajiri, wana habari ya moto. Nawauliza theluji wameikuta kuanzia wapi, ilikuwa laini au imeshaganda kwa kukanyagwa, na pale Stella, ukingoni mwa kreta, upepo ulikuwaje. Mtu akikwambia "tumeanza kukanyaga nyeupe hapohapo kambi ya Barafu, tenti zimelala", hapo huhitaji sentimita za mtu wa Ulaya. Usiulize tu "hali ikoje", maana atakujibu "poa", hata kama alishuka analia.

Na mkumbuke upande wetu. Mzigo unapimwa getini kilo 20 ukiwa mkavu. Tenti ikishalowa siku mbili mfululizo si tenti ileile.

Kaskazi_Njiro
Naiheshimu sana njia ya MgumuWaRau, ila habari ya jana haikuambii ya keshokutwa. Nimesomea hali ya hewa, nipo Arusha, na mlima huu naufuatilia kwa mapenzi tu, hakuna anayenilipa. Mwalimu, vyanzo ulivyotaja unavilinganisha kana kwamba vinajibu swali moja, ndiyo maana vinakuchanganya.

Anza na TMA. Chenye thamani kubwa kwao kwa mpanda mlima ni utabiri wa msimu, ule wa Oktoba hadi Desemba unaotolewa kabla vuli haijaanza. Tafuta sehemu ya nyanda za juu kaskazini mashariki, yaani Arusha, Manyara na Kilimanjaro. Wakisema mvua za wastani hadi juu ya wastani, wewe wa Desemba panga kukanyaga theluji. Bahari ya Hindi ndiyo inayoamua mengi: upande wetu wa magharibi ukiwa na joto kuliko upande wa Indonesia, unyevu unasukumwa kuja Afrika Mashariki. Vuli ya 2019 ilikuwa hivyo. Ya 2023 ikaongezewa na El Niño, na wote tunakumbuka maporomoko ya tope ya Hanang mwanzoni mwa Desemba. Ule utabiri wao wa kila siku umeandikwa kwa ajili ya mkulima wa Hai na dereva wa barabara ya Himo, usiulaumu kwa kutoitaja Stella Point. Ila wakitoa angalizo la mvua kubwa kwa mkoa wenu, hilo lihesabu kama la mlimani pia.

Windy na Mountain Forecast zote zinachota kwenye modeli za dunia nzima. ECMWF inaigawa dunia kwa vipande vya kilometa 9 hivi, GFS karibu 13. Kreta ya Kibo upana wake ni kilometa mbili na nusu tu. Kwa hiyo ndani ya kompyuta Kilimanjaro ni kilima kipana kilichobonyezwa, na mawingu yanayopanda mteremko wa Machame saa 8 mchana hayaonekani kama yalivyo. Sentimita unazosomewa zimetoka kwenye kilima hicho. Mountain Forecast wanarekebisha joto kwa kimo, na hapo wanasaidia, lakini mvua yenyewe ikikosewa mwanzo, kuigeuza theluji hakuisahihishi.

Sasa mambo ninayoyatumia mimi. Fungua Windy, chagua joto, kisha sogeza kile kipimo cha kimo cha pembeni hadi 500 hPa, hicho ni kiwango cha mgandamizo wa hewa. Wameandika mita 5,500, lakini huku karibu na ikweta mgandamizo huo unakaa karibu na mita 5,850, yaani pua kwa pua na Uhuru. Hiyo ni hewa huru, haijali kilima kimebonyezwa au la, na modeli zinaipatia vizuri. Kwa kawaida utaona kati ya hasi 5 na hasi 8. Papo hapo badilisha uone upepo. Hasi 7 yenye upepo wa kilometa 40 kwa saa, ngozi inaihisi kama hasi 17. Watu wengi wanaorudia njiani wanarudishwa na hilo, theluji inasingiziwa.

Halafu tafuta kimo cha nyuzi sifuri. Mountain Forecast wana mstari wake chini ya jedwali. Theluji haigeuki maji papo hapo ikivuka sifuri, inashuka kama mita 300 zaidi ndipo iyeyuke, na mvua ikiwa nzito inaipoza hewa na kushuka hata zaidi. Sifuri ikiwa 4,800, basi Barafu Camp iliyo 4,670 jiandae na nyeupe, na Horombo 3,720 jiandae kulowa.

Mwalimu_Majengo
Ahsante sana mkuu, hii nimeipiga picha. Kwa hiyo ile "sentimita 14" ya Jumanne niifanyeje?

Kaskazi_Njiro
Isome hivi: Jumanne kuna unyevu. Basi. Upepo wa ukingoni unafagia sehemu moja hadi mawe na kujaza nyingine hadi magotini, kwa mvua ileile. Afadhali ulinganishe ECMWF na GFS. Zikikubaliana kwamba Jumatatu usiku ni nyevu, amini. Zikipishana, subiri zitolewe upya. GFS hutoka mara 4 kwa siku. Na mvua za vuli ni za joto na ngurumo, zinachemka mchana zinapoa usiku. Saa kamili ya dhoruba hakuna atakayekupa siku tano kabla, na anayekupa anakuuzia.

MzeeWaMarangu
Vijana mna maneno mengi. Amkeni saa 12 asubuhi mtazame mlima. Mawenzi ndiyo rula yangu. Kilele chake ni mita 5,149 na mawe yake yamesimama wima, theluji haikai kirahisi. Siku ukiiona Mawenzi imepakwa hadi miguuni, jua kule Tandikoni kati ya Mawenzi na Kibo mtu anatembea kwenye theluji, na njia ya kutoka Horombo kwenda Kibo Hut inapita hapohapo. Ukiona nyeupe imeishia mabegani, Tandiko ni kavu. Ikifika saa 4 mlima umefunga, umekosa habari ya siku hiyo.

Kaskazi_Njiro
Shikamoo mzee. Hiyo rula naikubali, na hakuna setilaiti inayokupa picha safi kiasi hicho bure. Tatizo mvua ikishika kweli mlima haufunguki wiki nzima, na ndipo mtu anahitaji habari zaidi.

MzeeWaMarangu
Marahaba. Wiki ambayo haufunguki ni jibu tayari.

BintiUru
Naingia kwenye njia maana ndiyo kazi yangu, naongoza.

Mwalimu, kwa kundi lisilozoea na tarehe isiyosogea, mimi ningechukua Marangu na kuongeza siku ya pili Horombo. Watu wanaidharau lakini ina vibanda. Vuli mtu akilala pakavu Mandara, Horombo na Kibo, anafika usiku wa kilele na nguo kavu, na hilo linashinda mandhari ya Machame. Kutoka Kibo Hut kwenda Gilman's, ukingoni mwa kreta, ni changarawe inayokurudisha nyuma hatua kwa hatua. Theluji ikiwa imeganda juu yake usiku, panapandika vizuri kuliko kiangazi. Ubaya ni wakati wa kushuka: jua la saa 3 likishailegeza, kila kisigino kinateleza, na watu wamechoka.

Machame mna ukuta wa Barranco. Mkono unashika jiwe ambalo asubuhi lina kaganda kembamba kama kioo, hukioni mpaka uguse. Tunapita, ila taratibu, na foleni inakuwa ndefu. Barafu hadi Stella penyewe ni sawa.

Rongai kila mtu anaisifia kwamba ni upande mkavu. Ni kweli, na msitu wake mdogo unauona. Kaskazi_Njiro anisahihishe hapa.

Kuhusu njia ya Western Breach wala msiniulize. Mawe ya pale yameshikwa na barafu, jua likiigusa yanaachia. Januari 2006 yaliua wapandaji watatu Wamarekani.

Kaskazi_Njiro
Hapana cha kusahihisha dada, nyongeza tu. Ukavu wa Rongai unalipa zaidi masika, kwa sababu mvua za masika zinaletwa na upepo unaotoka kusini mashariki na mlima unaukinga upande ule. Novemba na Desemba kaskazi imeshaanza kuvuma, na Rongai ndiyo inaitazama. Bado mvua yake ni pungufu kuliko Machame, lakini anayeikimbilia Desemba akidhani ameikwepa vuli atalowa vilevile. Na usiku wa kilele wote wa Rongai na Marangu mnakutana Kibo Hut, theluji ni ileile moja.

ChagaMjini
Samahani natoka nje kidogo. Hii theluji yote inayoanguka si ndiyo inarudisha barafu yetu? Maana tunaambiwa inaisha.

Kaskazi_Njiro
Mangi, hii ya wiki hii ikipata jua siku chache inaondoka, nyingine bila hata kuwa maji. Lonnie Thompson na wenzake walikuta kwamba kati ya 1912 na 2007 asilimia 85 ya eneo la barafu ilikuwa imetoweka. Theluji mpya inasaidia kwa kuwa nyeupe, inarudisha mwanga wa jua na kuikinga barafu iliyo chini. Kuna mtambo wa kupima hali ya hewa uliowekwa juu ya barafu ya kaskazini ya Kibo mwaka 2000, na moja ya kazi zake ni kupima theluji inavyopanda na kushuka. Ila tuanzishe uzi mwingine, tusimharibie mwalimu.

MgumuWaRau
Ule weupe ndio unaotesa macho. Mwalimu, miwani ya giza ya kuziba na pembeni, kwa kila mtu, na wagumu wakiwemo. Kuna kampuni moja nilibeba nayo, wageni wote walikuwa na miwani, sisi tukaambiwa tushushe kofia. Siku mbili macho yanawasha kama yamemwagiwa mchanga. Anayewapeleka muulizeni hilo kabla ya kulipa.

Mwalimu_Majengo
Nimeandika. Wenzangu wale wawili wanapendekeza twende Meru badala yake, wanasema kule hakuna theluji.

BintiUru
Meru ni 4,562, theluji inaanguka mara chache na haikai. Lakini baada ya Rhino Point mnapita kwenye mwamba wenye mteremko, usiku, na ukilowa na kupata sakitu, mtu mmoja akiteleza ni balaa. Waambie kama wanakimbia kuteleza, huko si kwa kukimbilia.

Kaskazi_Njiro
Na Meru kwenye hizo modeli ni kichuguu kabisa.

Mwalimu_Majengo
Basi tumekaa leo tukakubaliana Marangu, siku sita, na ile ya akiba tunaiweka Horombo. Tarehe 3 asubuhi nitaangalia 500 hPa na kimo cha sifuri, tarehe hiyohiyo mzee wa Marangu naomba nikupigie uniambie Mawenzi ikoje. Swali la mwisho: tukifika Kibo Hut jioni na inanyesha theluji, mnaamuaje kuondoka saa 6 usiku au la?

BintiUru
Tunatoka nje saa 5. Nyota zikionekana, hata kama ilianguka jioni nzima, tunaondoka, na mara nyingi zinaonekana. Kukiwa na ngurumo hatutoki, hata mgeni akinionesha risiti. Kukiwa na theluji tu bila radi wala upepo tunasubiri saa moja hadi mbili, tunafika kumekucha, hakuna ubaya, bendera ya Nyirenda haikuwa na saa ya kengele. Ila tukifika Gilman's na nyayo za mbele hazionekani kwa ukungu, naishia hapo na kundi langu. Gilman's nayo ina cheti chake.

Mwalimu_Majengo
Nimekuelewa dada. Mwenye kujua wanapokodisha zile kinga za kufunga juu ya buti zisiingie theluji anitumie ujumbe. Tunahitaji za watu wote na wapagazi.

MgumuWaRau
Nitakuelekeza mwalimu. Nendeni na buti zenu mzijaribu palepale, nyingi kamba ya chini imekatika na imefungwa kwa waya.