Mzee wa miaka 70 hapimwi umasikini wake, mtoto kwa nini apimwe?

Mwenye mada, Wete
Assalaam alaykum. Bibi yangu alipotimiza miaka 70 tulimpeleka na kitambulisho chake cha Mzanzibari mkaazi, akaandikwa, basi. Hakuna aliyekuja kuhesabu mabati yake wala kufunua chungu chake. Hiyo Pensheni Jamii, pesa ya kila mwezi ya wazee wa miaka 70 na zaidi, ilianza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, leo ni 50,000, na inatoka kwenye mfuko wenyewe wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ). Tajiri wa Darajani anaipata, mvuvi wa Kojani anaipata.

Mlango wa pili kuna mama wa watoto wanne. Yeye ili apate kitu lazima awemo kwenye orodha ya TASAF, mfuko wa taifa unaosaidia kaya masikini: apendekezwe kwenye mkutano wa shehia (eneo dogo linaloongozwa na sheha), ahojiwe, majibu yake yapimwe, ndipo asubiri malipo ya kila miezi miwili. Naleta hoja: kila mtoto anayezaliwa Unguja na Pemba apewe posho ya mwezi mpaka atimize miaka 3, bila orodha.

Mkaazi wa Jang'ombe
Kaka, hesabu hukupiga. Wazee wa 70 ni wachache, watoto wamejaa kila nyumba. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 1,889,773. Chukua kwa mfano watoto laki moja tu, wape 10,000 kwa mwezi: bilioni 12 kwa mwaka. Na 10,000 siku hizi ni kilo ngapi za mchele? Utatoa bilioni 12 na mtoto hajashiba. Mimi hizo nazipeleka kwenye vituo vya afya na skuli. Halafu tusifichane, kuna watakaozaa kwa ajili ya posho.

Mkulima wa mwani, Paje
Azae kwa 10,000! Huyo bwana hajawahi kulea.
Mimi nimo TASAF na siikatai. Masharti yake yalinifanya nisikose kliniki na mwanangu, nasema kweli. Lakini jirani yangu tunakwenda pwani pamoja, tunafunga kamba pamoja, bei ya mwani tunalia pamoja. Mimi nimo, yeye hayumo. Siku ya malipo napita njia ya nyuma ya nyumba yake.

Sheha mstaafu, Unguja Kaskazini
Wanangu, hiyo orodha nimeisimamia, nikatukanwa mpaka nje ya msikiti. Watu wanadhani sheha anajaza jamaa zake. Wapo, sikatai. Ila kasoro kubwa naiona kwengine. Mkutanoni masikini mwenye haya hanyanyui mkono. Anayenyanyua ni mwenye mdomo. Kisha yanakuja maswali ya nyumba. Kijijini kwangu mmoja alikuwa na kibanda cha udongo, akakubaliwa. Ana dau na nyavu zake. Mwengine alijengewa nyumba ya matofali na kaka yake aliyeko Omani, akakatwa, na ndani hamna hata unga wa muhogo. Niliandika barua mbili, mama yule hakurudishwa.
Ila na wewe wa Wete, jipange. Bibi yako alikuwa na kitambulisho. Wapo watoto hawana cheti cha kuzaliwa, na mara nyingi ndio hao hao mnaowatafuta.

Mwalimu, Wilaya ya Micheweni, Pemba
Shikamoo mzee wangu. Mimi nasomesha huku. Elimu ilitangazwa bure Septemba 1964, na tujivunie. Lakini karafuu zikiiva darasa langu la tano linabaki nusu. Wakubwa wako juu ya mikarafuu, wadogo wako chini wanaokota zilizoanguka, usiku wote wanachambua. Asubuhi anayekuja analala juu ya dawati. Msimu ukisha, wengine wako machimboni wanagonga kokoto. Sheria ya Mtoto, namba 6 ya 2011, haitaki mtoto apewe kazi ya kumdhuru. Nilimwita baba mmoja nikamweleza, akaniambia, "Maalim, sheria hiyo tuipike?" Nikamfungulia mlango akaenda zake.

Kwa hiyo posho ya kuishia miaka 3 hainitoshi, wangu wana 10 na 11. Mimi nataka chakula cha skuli, kila siku, kila skuli. Siku tunayopika uji sihitaji kugonga kengele. Na uji hauulizi kaya ya nani.

Mkaazi wa Jang'ombe
Kwa uji nipo na Maalim. Uji hauwezi kugeuka vocha ya simu. Lakini msiseme kama hakuna lililofanyika: wasiopata mahitaji ya msingi walikuwa asilimia 30.4 mwaka 2014/15, wakashuka hadi 25.7 mwaka 2019/20.

Mwenye mada, Wete
Hiyo 25.7 ni mtu mmoja katika kila wanne, ndugu yangu, na usiigawe sawa baina ya Unguja na Pemba.
Mzee Sheha, la cheti nimelikubali: mtoto aandikwe hapo hapo anapozaliwa, na aliyezaliwa nyumbani mkunga apeleke jina lake. Maalim, uji sikatai, ila mtoto wa miezi minane hana skuli ya kunywea uji, na udumavu haumsubiri afike darasa la kwanza. Kama bilioni 12 ni nyingi, tuanze na chini ya miaka 2. Tuanzie Micheweni hata mwaka mmoja, tuone.

Mkaazi wa Jang'ombe
Ahaa! Na mtoto wa huku, mama yake anafua nguo za watu kwa siku, chumba kimoja watu sita, yeye asubiri kwa sababu kazaliwa Unguja, upande huu wa Nungwi?

Mwenye mada, Wete
Basi umefika nilipoanzia. Nilisema wote.

Mkaazi wa Jang'ombe
Ulisema wote. Bilioni 12 hukusema unazitoa wapi.