Daftari la mitumbwi na la ushuru: yasomwe pamoja au kila moja libaki kwake?

Mleta mada: Wakuu, salamu kutoka Kirumba, Mwanza. Natunza kanzidata mbili (madaftari ya kwenye kompyuta) za mwalo mmoja (siutaji): moja ya usajili wa mitumbwi, nyingine ya ushuru wa dagaa na sangara. Viongozi wanataka ripoti moja: mtumbwi upi umeleta mzigo, umelipiwa kiasi gani. Nasema tuunganishe majedwali hapohapo yalipo. Yote yako seva moja ya MySQL, programu ya kutunza kanzidata. Unaandika jina la kanzidata, nukta, jina la jedwali, na mtumiaji awe na ruhusa ya kusoma pande zote. Mwenzangu anataka tunakili jedwali la ushuru kila usiku wa manane. Mnasemaje?

Wa Nyakato: Mkuu, una bahati. Sisi tuko PostgreSQL, programu nyingine ya kazi hiyohiyo: ukishaingia kanzidata moja, ya jirani huioni hata kama ziko seva moja. Tunapita kwa postgres_fdw, kiungo cha kusomea kanzidata nyingine, iliyokuja na toleo la 9.3 mwaka 2013. Jedwali la mbali linasomeka kama la nyumbani. Ila usipochuja vizuri, maelfu ya mistari huburutwa kwanza ndipo ilinganishwe. Mtandao ukiyumba, wenye magunia wanakukodolea macho wewe. Ningeanza upya ningeweka skima mbili (mafungu ya majedwali) ndani ya kanzidata moja, basi.

Mleta mada: Kwangu hakuna mtandao katikati. Na hiyo nakala ya usiku wa manane itanifaa nini? Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, mitumbwi inafika alfajiri. Mzigo wa leo nitauona kesho.

Kilichonitoa jasho ni kingine. Jaribio la kwanza, mitumbwi kibao ilitoweka kwenye ripoti. Karani mmoja kaandika 045, mwenzake 45, na namba zimehifadhiwa kama maandishi, kwa hiyo kwa mashine hizo ni namba mbili tofauti. Nami nilikuwa nimeunganisha kwa namna inayodondosha kila mstari usio na mwenzake. Nilipobadili ili mitumbwi yote ibaki, ile iliyotoweka ikarudi ikiwa na nafasi tupu upande wa ushuru. Nusura tuwaite wadaiwa watu waliolipa!

Mama wa dagaa: Wanangu, nukta zenu sizijui. Namba ya simu niliyoandikisha kwa ajili ya ushuru, nani ataiona?

Wa Igoma: Mama kagusa penyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika 1 Mei 2023. Taarifa uliyochukua kwa kazi moja huipeleki kazi nyingine hivihivi. Huyo mtumiaji mwenye ruhusa pande zote ndiye ninayemwogopa. Nenosiri lake likivuja, madaftari yote mawili yamekwenda.

Mleta mada: Shikamoo mama. Simu na majina hayaingii. Nitatengeneza mwonekano (view), yaani dirisha la kusomea safu chache tu: namba ya mtumbwi, tarehe na kiasi, na mtu wa ripoti apewe ruhusa ya huo tu, majedwali yenyewe asiyaguse. Zile sifuri nimeshaanza kuzisafisha. Mwenzangu wa nakala, la alfajiri bado hujanijibu.