Mwalimu kamkosesha mwanangu neno "boycott", na aliyekosea ni yeye!

Wakuu, hili jambo limeninyima usingizi.

Binti yangu yuko kidato cha pili. Kwenye jaribio la Kiingereza wameulizwa maana ya boycott na asili yake. Kaandika: ni kumsusia mtu au kitu kuonyesha hukubaliani nacho, na neno limetokana na jina la mtu. Kapigwa X nyekundu! Pembeni mwalimu kaandika "mgomo, boy + cut", eti kijana aliyekatwa na wenzake. Nikaenda kumwona kwa adabu zote, akanijibu mzazi nisimfundishe kazi.

Boy cut imetoka wapi? Charles Boycott alikuwa Mwingereza, msimamizi wa ardhi ya Lord Erne huko Mayo, magharibi mwa Ireland. Mwaka 1880 wakulima waliopanga ardhi ile walitaka kodi ipunguzwe, hawakusikilizwa walivyoomba, na Boycott akaanza kuwapelekea hati za kuwafukuza. Septemba mwaka huohuo Parnell, mwanasiasa wa Ireland aliyetetea wakulima, alikuwa amewaambia watu mkutanoni mjini Ennis kwamba anayechukua shamba la aliyefukuzwa atengwe kama mkoma. Wanakijiji wakamfanyia hivyo Boycott. Vibarua wakaondoka shambani, madukani hauziwi kitu, mhunzi hamfanyii kazi, hata dobi kaacha nguo zake. Kuvuna mazao yake ikabidi waletwe watu kama 50 kutoka kaskazini, wakilindwa na askari karibu elfu moja! Desemba kahama Ireland. Na aliyependekeza jina lake liwe kitenzi ni padri wa palepale, O'Malley, akizungumza na mwandishi wa Kimarekani, Redpath.

Na hiyo "mgomo" nayo inaniuma. Vibarua kuacha kazi, sawa, huo ni mgomo. Mwenye duka je? Boycott hakuwa bosi wake, amgomee kazi gani? Yule alimsusia. Kiswahili chetu kinalo neno kamili, na huko vijijini tunajua mtu akitengwa inavyokuwa: hasalimiwi, hapewi moto, akifiwa hakuna anayekwenda kuzika. Mtoto angeelezwa hivyo angeelewa siku hiyohiyo.

Kinachonichoma zaidi, binti kaniambia, "Baba, basi mtihani ujao nitaandika boy cut ili nipate." Darasa zima limenakili hivyo kwenye madaftari.

Jumatatu narudi na karatasi yake, na safari hii naingia kwa mkuu wa shule. Alama zake zirudishwe, na darasa lisahihishiwe ubaoni. Kuna mzazi mwenzangu aliyewahi kukata rufaa ya jaribio la darasani? Alianzia wapi?