Maombi Mahakama Kuu yameondolewa kisa hati ya kiapo haikuandikwa mahali, kesi ya kiwanja ndo imeisha?

MtotoWaTatu: Wakuu habari za jioni, naombeni mawazo maana nyumbani hakulaliki. Mama alishindwa kesi ya kiwanja Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, rufaa ni ndani ya siku 45 lakini alikuwa amelazwa, presha na sukari, mimi niko mkoa mwingine, kuja kushtuka siku zimeshapita. Tukaweka wakili akafungua maombi Mahakama Kuu tuongezewe muda, hati ya kiapo, yaani maelezo ya sababu za kuchelewa, nikaapa mimi. Siku ya kusikilizwa wakili wa upande wa pili kasimama na pingamizi la awali, yaani maombi yana kasoro yasisikilizwe, eti pale chini ya kiapo kuna tarehe na muhuri wa kamishna wa viapo (aliyeniapisha) ila haikuandikwa niliapia wapi. Neno moja tu jamani, Dodoma! Jaji akakubali. Leo siku ya nne na wakili wetu simu anapokea akijisikia. Kesi imekufa au?

Bwana Faili: Pole mkuu. Uamuzi unasema yameondolewa au yametupiliwa mbali? Usione kama maneno mapacha. Yakiondolewa maana yake mbele ya jaji hakukuwa na maombi halali, unarekebisha unarudi. Yakitupiliwa mbali mlango wa hapo umefungwa. Hiyo ya mahali ni kifungu cha 8 cha sheria ya makamishna wa viapo, Sura ya 12, na Mahakama ya Rufani walishalisema kwenye kesi ya D.B. Shapriya ya 2002, sio jaji wako kaamka vibaya.

Chapati Moto: Si kuna ile kanuni ya oksijeni, 2018 walibadili sheria mahakama ziangalie haki sio ufundi ufundi?

Bwana Faili: Ipo, waliiingiza kama vifungu 3A na 3B kwenye Sheria ya Mwenendo wa Madai. Na siku hizi wapo majaji wanaoruhusu hati ya kiapo irekebishwe, ila uombe mwenyewe kabla uamuzi haujasomwa. Wakili wako aliomba au alibishana tu? Oksijeni haifufui kila maiti.

Mzee wa Korido: Mimi sio wakili ila korido za mahakama nimezisugua miaka sita na shamba la marehemu baba. Mdogo wangu, acha kulalamikia Dodoma anza kuhesabu siku. Kuna kesi wanaitaja kila mara, Lyamuya ya 2010, kila siku uliyochelewa uieleze. Mimi siku tisa tulikuwa tunachangishana hela ya wakili, kwenye kiapo hatukuziandika, nikatupwa hapo hapo. Siku tisa tu!!

MtotoWaTatu: Duh. Sasa ule muda maombi yalipokuwa mahakamani na wenyewe nitahesabiwa?

Bwana Faili: Huo una utetezi, mradi ulikuwa kweli unahangaika mahakamani. Ila ukisikia watu wanakutajia kesi ya Masha na Shija ya 1997, ile inayosamehe muda uliopotelea mahakamani, kuwa makini, pale rufaa ya kwanza ililetwa ndani ya muda ikaonekana na kasoro. Ya mama haikuletwa kabisa, kwaiyo zile siku za hospitali ndo moyo wa maombi yako. Alafu kwanini uliapa wewe wakati ulikuwa mkoa mwingine? Uliyajuaje ya wodini?

MtotoWaTatu: Nesi alikuwa ananipigia

Bwana Faili: Basi hilo lingekuwa pingamizi la pili, umeapia ya kusikia. Mama aape mwenyewe, aambatanishe karatasi za kulazwa na kuruhusiwa. Kama kuna alichojua nesi peke yake, nesi naye aape.

Shangazi Neema: Na usiandike "wakili alizembea" ukadhani ndo sababu, mara nyingi haipiti. Kama hela imekata tafuta watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa, wapo wilayani.

MtotoWaTatu: Nimesoma uamuzi sasa hivi, imeandikwa YAMEONDOLEWA, kila upande ubebe gharama zake. Kesho nampeleka mama kuapa. Ila karatasi ya hospitali wamekosea jina lake la ukoo herufi moja, hiyo nayo wataikamata?

Mzee wa Korido: Wataikamata.

Bwana Faili: Aape na kiapo cha majina, kwamba majina yote mawili ni yake, hiyo hiyo kesho. Na msitoke pale kabla hamjaona wameandika mahali.