Mjadala: Filamu za kale zenye vilio, zinakosoa jamii au ni mapambo tu?

Wapo wanaoshikilia kwamba filamu zinazosimulia zama za kale, zilizojaa vilio, hazina lolote: hariri, mapenzi yaliyokatazwa, mtu anakufa, basi. Anayeona ukosoaji wa jamii humo, wanasema, anajitungia. Nakataa, na ninaleta mfano tubishane juu yake.

Mwaka 1952 mwongozaji wa Kijapani Kenji Mizoguchi alitoa filamu kuhusu Oharu, binti wa karne ya 17 aliyehudumu katika kasri la kifalme, Kyoto. Anapendana na kijana wa cheo cha chini. Kijana anakatwa kichwa, Oharu na wazazi wake wanafukuzwa mjini. Mpaka hapo ni kilio tulichokizoea. Kisha anafika mjumbe wa bwana mkubwa asiye na mrithi, anatafuta suria, na amebeba orodha ya sifa: umri, uso, masikio, hata ukubwa wa mguu. Wasichana wanapangwa mstari, naye anawakagua mmoja mmoja kama ng'ombe mnadani. Oharu anachaguliwa, anazaa mtoto wa kiume, anarudishwa kwao na vijisenti. Baba yake, aliyekwisha kukopa kwa kutegemea neema ya binti, anamuuza kwenye danguro.

Hiyo ni kudra? Mimi naona amri, orodha na deni, na kila kimoja kina mwenyewe.

Hoja moja ya wapinzani naiheshimu: vazi la kale humruhusu mtazamaji kusema "hayo yalikwisha", akalala usingizi wake. Na kweli zipo filamu zinazomsaidia alale. Dakika za mwisho anatokea bwana mwema, analipa deni, utaratibu uliomtesa msichana unabaki vilevile, na sisi tunapangusa macho tumeridhika. Hizo sizitetei.

Lakini kwa Mizoguchi hayakuwa yamekwisha. Dada yake mwenyewe aliuzwa kuwa geisha, mwanamke wa kuburudisha wateja, familia ilipoishiwa. Filamu ilipotoka, madanguro yalikuwa yakivumiliwa Japani. Sheria ya kuzuia ukahaba ilipitishwa mwaka 1956. Waliomlilia Oharu wangeweza kutoka ukumbini wakapita mbele ya nyumba hizohizo.

Anayepinga anijibu hili: ule mstari wa wasichana ungetuuma vile bila kwanza kumlilia kijana aliyekatwa kichwa? Mimi nasema usingetuuma.