Mliowahi kurambaza (kuvua kwa mshipi unaoburutwa nyuma ya mtumbwi) Ziwa Tanganyika, tupeane uzoefu

Mtoto wa Kibirizi: Wakuu, jana jioni nimemwona kijana anatoka kuvua migebuka, mshipi kaufunga kidole gumba cha mguu ili mikono ibaki kwenye injini. Nimekumbuka mbali. Kidole changu cha shahada hakikunji mpaka leo: sangara alivuta, nailoni ikazama kwenye nyama, nikaikata kwa meno. Wenzangu yamewakuta yapi?

Kafi Mbili: Kibao, ndugu yangu. Mshipi unazungushiwa kwenye kibao, haufungwi mwilini.

Mvuvi wa Ukerewe: Mnavua juu juu mno. Ziwa lina kina cha mita 1,470. Weka chubwi nzito, ile ya kuzamisha mshipi, shusha mita 300, wakubwa wako huko.

Mzee wa Katonga: Utamvua nani huko? Chini ya mita 200 maji yetu hayana hewa, samaki haishi. Ziwa Victoria halifiki hata mita 90, usituletee hesabu za kwenu. Mgebuka anafuata dagaa. Ukiona ndege wanapiga mbizi, punguza moto, achia mshipi mita 30 au 40, chubwi ndogo tu.

Mvuvi wa Ukerewe: Mzee, nimevua miaka kumi na tano!

Mzee wa Katonga: Sijakataa. Umevua kwenu.

Nahodha Mstaafu: Agosti 2011, mimi na mdogo wangu, mishipi miwili nyuma. Giza linaingia, kusi, upepo wa kutoka kusini, ikaamka. Nikageuza mtumbwi kabla ya kukusanya mishipi, na kosa lilikuwa hapo. Nailoni ikaingia kwenye propela, injini ikakohoa, kimya. Tukaiinua. Nailoni imejiviringa mpaka imeyeyuka, imekuwa donge moja gumu, na ndoano yenye manyoya ya kuku inachungulia katikati. Nakata kwa kisu, wimbi likipiga kisu kinaingia kiganjani. Mdogo wangu anachota maji kwa dumu lililokatwa, analia huku anachota. Kafi hatuna hata moja. Tukasukumwa kaskazini, milima ya Gombe tunaiona nyeusi tu. Bahati yetu mwezi ulikuwa haupo. Ingekuwa mbalamwezi wavuvi wa dagaa, wanaovuta samaki kwa taa, wangebaki nyumbani. Saa saba usiku tukaona taa zao. Nikavua shati, nikalichovya petroli, nikalitundika kwenye fito, nikaliwasha. Wakaja.

Kafi Mbili: Petroli kwenye mtumbwi wa mbao? Mngeungua!

Nahodha Mstaafu: Tochi ilishaingia maji. Ungefanyaje?

Kafi Mbili: Ningebeba kafi. Mbili.

Mama Muuza Dagaa: Sisi wa ufukweni kusi ikivuma hatulali, tunahesabu taa. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa watu wasivue, Mei 15 mpaka Agosti 15 njaa ilituuma, lakini usiku nilifumba macho. Wanangu, vaeni maboya.

Kijana wa Ujiji: Boya linabana mkono ukivuta mshipi. Mimi nafunga dumu tupu kiunoni.

Mama Muuza Dagaa: Dumu si boya, mwanangu. Likuachie kichwa majini utamwambia nani?

Mzee wa Katonga: Nahodha, mdogo wako yuko wapi?

Nahodha Mstaafu: Anauza simu mjini. Samaki anakula, ziwani hajarudi.

Mtoto wa Kibirizi: Jioni hii nashuka kumtafuta yule kijana. Nina kibao cha ziada.

Kijana wa Ujiji: Ukimpata muulize migebuka anaipatia upande gani.