Waliowahi kwenda Kraków, Poland, na hela ya kubana, tupeane uzoefu

Nyamwaga: Wakuu, mdogo wangu anasoma Warszawa, anataka kwenda Kraków mwisho wa wiki na mfuko mwembamba. Maswali yake yamenikumbusha mbali. Mimi nilikula bar mleczny, zile kantini za tangu enzi za ukomunisti: unaagiza dirishani, unabeba trei mwenyewe, unashiba pierogi, zile sambusa za kuchemsha. Hela niliyookoa nikashukia Wieliczka, mgodi wa chumvi wenye kanisa zima limechongwa ndani ya chumvi, mpaka taa zake za darini. Treni ya kwenda huko ni ya bei ndogo. Leteni yenu.

Bint Lamu: Kwa Waislamu wenzangu: pierogi ruskie ni viazi na jibini, ila juu humwagiwa skwarki, vipande vya mafuta ya nguruwe vilivyokaangwa. Sema "bez skwarek", yaani bila skwarki, kabla mhudumu hajapakua. Na żurek, supu chachu, iacheni, mara nyingi ina soseji.

Kaka wa Łódź: Kweli kabisa dada.

Mama Neema: Nilikwenda kumwona mwanangu, Januari. Tukakodi chumba cha bei poa mtaa wa Kazimierz, hukohuko Kraków, kwa mtandao. Tunafika usiku, baridi inakata masikio. Kisanduku cha funguo ukutani kinataka namba. Tunabonyeza tuliyotumiwa, hakifunguki. Mwenye chumba kazima simu. Kijana anapiga, anatuma ujumbe, mimi miguu siisikii, nimejitanda kanga mbili juu ya koti. Nikaanza kusali kwa sauti. Dirisha la chini likafunguka, bibi wa Kipolandi akatoa kichwa. Mwanangu akamjibu kwa Kipolandi chake cha darasani. Yule bibi akatoka, akatuingiza ndani, akanivua viatu kwa mikono yake, akanivisha slipa za sufu, akanipa bakuli la barszcz, supu nyekundu ya bitruti. Tukalala sebuleni kwake. Asubuhi akakataa hela yetu katakata. Wa chumba hajajibu hadi leo, wala hela haikurudi.

Nyamwaga: Shikamoo mama, na pole sana. Nimesisimka mwili.

Jabali: Ndiyo maana nasema hosteli! Mtu wa mapokezi yupo usiku kucha.

Kaka wa Łódź: Hosteli vijana wanakunywa mpaka alfajiri, mama wa watu alale saa ngapi? Chukua chumba nje ya mji mkongwe, karibu na tramu. Tiketi ya karatasi igonge kwenye mashine ukishapanda, wakaguzi wanavaa kiraia.

Jabali: Wewe ulale na kuku. Jingine: Auschwitz, ile kambi ya mauaji ya Wanazi, msiwalipe wa ziara za mjini. Kuingia ni bure, weka nafasi tovuti ya makumbusho yenyewe, panda basi la Oświęcim, mji ilipo kambi.

Bint Lamu: Jabali, waliuawa watu kama milioni 1.1 pale. Usimtume mtu azurure bila mwongozaji, atatoka na picha tu.

Jabali: Nimesema asilanguliwe. Makumbusho yenyewe yana waongozaji, unalipia hukohuko.

Bint Lamu: Hapo tumeelewana. Nafasi za bure huisha mapema, asisubiri siku ya safari.

Mmeru: Mama Neema, bibi hakuuliza mnatoka wapi? Kwetu Tengeru, Arusha, yapo makaburi ya Wapolandi. Walikuwa wakimbizi, Wasovieti waliwapeleka Siberia, wakatokea Uajemi, wakafika kwetu kuanzia 1942. Elfu kadhaa waliishi kambini pale, marehemu babu aliwauzia ndizi.

Mama Neema: Aliuliza. Mwanangu akamwambia Tanzania, akawa anarudia "Afryka, Afryka" huku ananiongezea supu. Tengeru sikuijua hiyo, baba.

Salha: Vya bure ni vingi. Tarumbeta ya kanisa la Mariacki hupigwa kila saa, kuelekea pande nne, na wimbo hukatwa katikati. Nyua za kasri la Wawel huingii kwa tiketi, vyumba vya ndani ndivyo vya kulipia. Bustani ya Planty inazunguka mji mkongwe, ukuta ulikokuwa. Njaa ikiuma, obwarzanek, mikate ya duara, za mikokoteni.

Jabali: Jumapili awe amenunua chakula kabla, supamaketi nyingi hufungwa.

Nyamwaga: Ahsanteni. Aende mwezi gani?

Salha: Mei.

Kaka wa Łódź: Mei vyumba ghali. Novemba, avae soksi mbili.

Mama Neema: Novemba?! Mwacheni mtoto aende Septemba. Akikwama Kazimierz usiku, anitumie ujumbe nimwelekeze kwa bibi.